Iko ya Mama Latifa

Gitega, 9 Februari

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padre kwenye kitubio. Leo asubuhi, kanisani Mushasha, watu walipoinamisha vichwa kuwaombea wagonjwa, mimi niliomba mnara wa simu uharibike.

Ni mnara mpya. Umesimamishwa juu ya kilima kinachotazamana na chetu, kule nyumbani Giteranyi. Baba yangu, Nazario, si mtu wa maneno mengi kwenye simu. Husalimia, husema jambo lake, hukata. Jana alizungumza mpaka salio likamwishia.

"Fredi, ile sababu yako imekwisha," alisema. "Mtandao upo. Rudi nyumbani."

Fredi ni kaka yangu. Anatengeneza programu za kompyuta kwa ajili ya watu walio nchi za mbali. Hana ofisi wala bosi wa kumwona kwa macho. Akimaliza kazi ya mmoja anatafuta ya mwingine. Amepanga vyumba viwili nyuma ya nyumba ya Mama Latifa hapa Gitega, nami ninakaa naye ili nisome. Kila mara baba alipomwambia arudi kukaa shambani, Fredi alijibu kwamba kule hakuna mtandao, na kazi yake bila mtandao ni sawa na jembe bila mpini. Haukuwa uongo. Sasa umekuwa.

Fredi akirudi, vyumba vinarudishwa kwa mwenyewe. Vyumba vikirudishwa, mimi narudi Giteranyi. Shule iliyo karibu na kwetu haina mchepuo wa lugha, wala haina maktaba kama ya masista wa hapa, ambako sista mkuu wa maktaba ameshanizoea hadi ananiachia ufunguo. Hakuna aliyeniuliza. Si kwamba wamekataa kuniuliza. Hawajakumbuka tu.

Ndiyo maana niliuombea mnara mabaya. Mwishoni nikaongeza wagonjwa, ili Mungu asinione mtu mbaya sana.

11 Februari

Mvua. Umeme ulikatika mchana. Fredi alikaa mbele ya mashine mpaka betri ikaisha, halafu akaendelea kukaa.

15 Februari

Leo nimepiga pasi sare na Mama Latifa. Jina lake ni Zuena, lakini hakuna anayemwita hivyo isipokuwa mumewe wakigombana. Ni fundi wa nguo. Mashine yake iko kwenye chumba cha mbele, na nyuma ya mashine kuna kitanda kidogo alichokuwa akilala binti yake Latifa kabla ya kuolewa Muyinga. Siku hizi kitanda kinalala vitambaa.

"Vumi," aliniuliza, "kaka yako iko anafanya nini mule ndani siku yote?"

"Anaandika, Mama Latifa."

"Iko anaandikia nani?"

"Watu wa Ulaya."

"Na hiyo barua haiishe?"

Baba Latifa, yaani mzee Aboubakar, alikuwa mlangoni akipaka grisi mnyororo wa baiskeli. Anauza vipuri sokoni. "Wacha huyo kijana," alisema bila kuinua kichwa. "Kuku ikikalia mayai, unaiuliza iko inafanya nini?"

"Mayai ya kuku ninayaona. Ya Fredi mi sijaona hata moja."

Nilicheka mpaka nikaunguza kola.

Lazima nieleze neno hili, iko. Kwa Mama Latifa kila kitu iko. Sukari iko? Iko. Unaingia jikoni, kopo tupu. Maji iko? Iko. Unafungua bomba, linakohoa. Fredi mwanzoni alikasirika sana. Sisi tumetoka Tanzania, tulikokuwa wakimbizi. Mimi nilirudi mdogo, yeye alirudi mkubwa, na nyumbani tuliendelea na Kiswahili tulichokuja nacho. Kwetu kitu kama hakipo unasema hakipo. Hapa kumwambia mtu "hakuna" ni kama kumfungia mlango usoni. Basi Fredi akatunga kanuni yetu wawili: "upo" ni upo wa kweli, na "iko" ni iko ya Mama Latifa, maana yake hakuna, ila naona aibu kukwambia.

Jioni nilimuuliza, "Umeme upo au iko?"

"Iko," akasema, akawasha mshumaa.

22 Februari

Mvua. Nimerudi shuleni na viatu mkononi.

2 Machi

Kina Mama Latifa wameanza kufunga jana. Nyumba imetulia, hata yeye anatania kwa sauti ndogo.

Baba amepiga simu tena. Fredi aliweka sauti ya nje kwa sababu mikono yake ilikuwa kwenye kompyuta, nami nikasikia yote.

"Ulisema kazi yako inafanyika popote," alisema baba.

"Ndiyo, baba, lakini..."

"Hapa si popote?"

Fredi aliondoa mikono kwenye kompyuta. Mwaka jana ni yeye aliyelileta neno hilo nyumbani. Alimweleza baba kwa fahari kwamba watu wa kazi kama yake wanakaa popote wanapotaka. Nadhani baba alilitunza neno hilo mwaka mzima akingoja mahali pa kulitumia.

"Popote pana mambo yake," Fredi alisema. "Panahitaji umeme. Panahitaji mtandao usioyumba. Mteja akinipigia kwa video akaniona nimeganda na mdomo wazi, anatafuta mwingine."

"Mtandao upo. Na shamba lisilo na mtu lina mwenyewe mwingine."

Hiyo ni kauli ya baba. Zamani niliona ni ukaidi. Leo nimeiandika ili niitazame vizuri. Tuliporudi kutoka Tanzania tulimkuta mama Efrazia na watoto wake kwenye ardhi ya babu. Hawakuiba. Walikuta kilima hakina mtu, wakalima. Wakubwa waliigawa nusu kwa nusu, wakapanda ua wa minyaa katikati uwe mpaka. Mama Efrazia ni jirani mwema, hutuletea maharagwe mabichi. Hata hivyo kila asubuhi baba huenda kuutazama ua ule kabla ya kunywa uji, kana kwamba ungeweza kutembea.

7 Machi

Mtihani wa Kifaransa. Mvua ilipiga bati hata imla haikusikika. Mwalimu aliisoma mara tatu, kisha akaiandika ubaoni kwa hasira.

12 Machi

Sijui nianzie wapi.

Leo mchana Fredi alikuwa na mkutano kwa video na mteja wake mkubwa, yule anayemtegemea zaidi. Alivaa shati jeupe juu na kaptura chini. Nilikuwa sebuleni nikisoma. Nilimsikia akieleza kazi kwa Kiingereza chake cha polepole, halafu umeme ukakatika. Akahamia kwenye modemu na betri. Mvua ikaongezeka, modemu nayo ikafa. Alitoka nje na kompyuta kifuani, akasimama chini ya kibaraza cha Mama Latifa, akainyanyua juu kama mtu anayemwonyesha mtoto kwa ndugu. Mama Latifa aliacha mashine yake akamshikia mwavuli. Hakusema utani hata mmoja. Hapo ndipo nilipojua ni jambo kubwa.

Ujumbe wa mteja uliingia jioni, mtandao uliporudi. Ulikuwa wa adabu. Walimtakia kila la heri.

Fredi aliniita. "Vumi, kaa hapa."

Akaniambia kwamba Adriano, rafiki yake wanayefanya naye kazi nyingine, yuko Kigoma, na nyumba anayokaa ina nafasi, ina umeme wa jua na mtandao wa waya. Amemwita mara nyingi. "Gitega imenishinda," alisema. "Sasa zimebaki njia mbili. Ama Giteranyi, kama mtandao wa baba ni wa kweli, ama Kigoma."

"Na Gitega?"

"Gitega imekwisha."

Nilitaka kumuuliza: na mimi je? Swali lilifika kwenye meno likarudi. Badala yake nikamuuliza kama anaitaka Kigoma. Alifikiri kidogo. "Hapa wananiita mu-Tanzania. Kule nitaitwa Mrundi. Angalau kule nitaitwa hivyo mtandao ukiwepo."

Kisha akaniomba. Likizo ya Pasaka nitakwenda nyumbani. Nichukue simu yake ile nzuri, nipime mtandao shambani asubuhi, mchana na jioni, nimwambie ukweli. "Baba atasema upo hata kama unakuja na kupotea. Wewe husemi uongo."

Ninaandika haya huku nikiona vizuri mahali nilipo. Mnara ukiwa mzuri, Fredi anakwenda Giteranyi nami narudi naye. Mnara ukiwa mbaya, Fredi anakwenda Kigoma nami narudi peke yangu. Njia zote mbili zinaishia kwenye ua wa minyaa. Mwezi mzima nimekuwa nikiomba kitu ambacho hakinisaidii.

16 Machi

Misa. Nimesali bila kuomba kitu.

25 Machi

Mvua, mvua. Nimerudisha vitabu vyote maktaba isipokuwa kimoja. Sista alisema, "Utachukua vingine ukirudi." Nikaitikia kwa kichwa.

31 Machi

Idi. Mama Latifa ametuletea sinia la pilau, kisha akaja mwenyewe kuhakikisha tumekula. Fredi alikula akitazama kioo cha simu.

"Hiyo barua leo ipumzike," alimwambia. "Hata Mungu leo iko anapumzika."

Ameniomba nipitie Muyinga nimpelekee Latifa gauni pana alilomshonea. Latifa ana mimba ya kwanza, na tumbo limeshakataa nguo zote.

5 Aprili, Muyinga

Nimelala kwa Latifa, mtaa wa Waswahili, kwa sababu gari la kwenda Giteranyi lilikosa mafuta. Nyumba ni ya wakwe zake. Ni safi, ina watu wengi, na kila mtu ana kiti chake isipokuwa yeye. Yeye huzunguka na birika.

Alijaribu gauni mbele yangu akazunguka mara moja. "Mama alisema Muyinga ni karibu," aliniambia. "Na ni karibu kweli, mpaka siku ile unataka kwenda na huwezi."

"Wanakukataza?"

"Hapana, hawakatazi. Nikiuliza kama gari iko, wanasema iko." Akacheka, akaziba mdomo ili mama mkwe asisikie. "Mtoto wa kwanza mi nataka kuzalia kwa mama. Ni haki yangu. Lakini haki nayo inataka mafuta."

Nilikuwa nimezoea kumwona Latifa kama mtu aliyekwishapata mahali pake. Nimekosea.

7 Aprili, Giteranyi

Baba amejenga chumba.

Hakutuambia. Nilifika nimelowa, baiskeli iliyonileta ikazama kwenye tope hapo chini, nikapanda kilima kwa miguu, na kando ya zizi la mbuzi nikaona kuta mpya za matofali. Mama yangu, Klara, alinipokea mzigo akaninong'oneza, "Jifanye umeshangaa." Haikuwa kazi ngumu.

Ni chumba kimoja chenye dirisha kubwa linaloutazama mnara. Ndani kuna meza ndefu ya mbao mbichi na kiti chenye mgongo. Baba alimweleza seremala kwa kutumia picha ya Fredi iliyo kwenye simu yake, ile aliyopigwa akiwa mbele ya kompyuta. Kwenye picha kuna kikombe kando ya kompyuta. Baba ameweka kikombe.

"Ofisi," alisema. Akatoka haraka kabla sijajibu.

8 Aprili

Jua. Nimepima ndani ya chumba asubuhi, mchana na jioni. Mtandao una kasi kuliko wa Gitega. Nilifungua picha ya maktaba moja ya nchi ya mbali ikaja yote mara moja, kama pazia lililovutwa. Nikakaa kwenye kiti cha Fredi nikaitazama kwa muda mrefu.

9 Aprili

Mvua. Mtandao hakuna. Kijana anayelinda mnara amenieleza kwamba unakula umeme wa jua; kuna jenereta, lakini mafuta yake hayajaletwa tangu mnara uzinduliwe. Mawingu yakikaa, mnara unalala.

10 Aprili

Mvua. Hakuna.

11 Aprili

Jua mpaka mchana. Ulikuwepo. Halafu mvua.

12 Aprili

Mvua. Baba ameniuliza kwa nini nasimama dirishani na simu. Nikasema napima. "Pima vizuri," akasema, na kuniletea muhindi wa kuchoma.

14 Aprili

Jana mawingu, leo mawingu. Simu za kawaida zinashika, zinapitia mnara wa zamani wa mbali. Fredi alipiga adhuhuri. Tulikuwa tukipalilia maharagwe karibu na ua, mimi, baba na mama. Baba aliposikia jina la Fredi alisimama, akaegemea jembe, akanitazama.

"Umepima?" Fredi aliuliza.

"Nimepima."

"Leo naomba jibu, Vumi. Adriano anangoja, kuna mtu mwingine anakitaka kile chumba. Mtandao upo?"

Jibu la kweli lilikuwa refu. Upo jua likiwaka, haupo mvua ikinyesha, kiangazi utakufaa na masika utakuua, na baba amekujengea chumba chenye kikombe. Jibu lile nilikuwa nalo lote. Lakini baba alikuwa ananitazama na tope mpaka magotini, na mama alikuwa ameacha kung'oa magugu, nami sijawahi kuzungumza jambo refu watu wakinitazama.

"Iko," nilisema.

Nilisikia mvua ya Gitega kwenye simu yake.

"Iko?" aliuliza polepole.

"Iko, Fredi."

"Nimeelewa," akasema. "Asante. Pole."

Baba alikuwa ameshaanza kutabasamu. "Kasemaje?"

"Kasema ameelewa."

Alicheka, akampiga mama begani kwa furaha, akarudi kulima kwa nguvu hata akang'oa na maharagwe. Mama alinitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. "Tangu lini unasema iko?" aliniuliza. Nikasema ni Kiswahili cha Gitega.

15 Aprili

Mvua. Baba ametengeneza mlango wa ofisi uweze kufungwa kwa ndani, ili Fredi asisumbuliwe.

17 Aprili

Mvua. Baba ametafuta kikombe cha pili. Kwa ajili ya mgeni wa Fredi, akija.

20 Aprili

Pasaka. Baada ya misa Fredi alimpigia baba simu. Nilikuwa jikoni, nikasikia upande wa baba tu. Alisema "Ndiyo" mara kadhaa, akasema "Nenda salama, mwanangu," akaingia ofisini, akakaa kwenye kile kiti. Sijawahi kumwona baba akikalia kiti chenye mgongo.

Mama alimpelekea chakula huko. Nilimsikia baba akisema, "Lakini Vumilia alimwambia iko. Nilisikia kwa masikio yangu."

Jioni baba alitoka amekwisha kuamua. "Kigoma ni Kigoma," alisema. "Chumba kipo, meza ipo. Vumilia atahamia shule ya hapa, atasomea humo. Mahali pasikae bila mtu."

Alisema kwa upole, kama mtu anayekupa zawadi. Akaniongoza hadi mlangoni, akanionyesha namna ya kufunga kwa ndani.

Ninaandika kwenye meza hiyo. Mbao bado zinanuka utomvu. Dirishani naona mnara, na chini yake ua wa minyaa, na huku upande wa mlango naona zizi. Kila kitu kimepangwa vizuri. Kiti ni cha urefu wa Fredi. Miguu yangu haifiki chini.

21 Aprili

Leo nimesema.

Nilimfuata baba asubuhi alipokwenda kuutazama ua. Niliona ni rahisi zaidi kuzungumza na mtu anayetazama kitu kingine. Nikamweleza kanuni yetu, upo na iko, tangu mwanzo. Nikamweleza kwamba Fredi aliposikia iko alisikia hakuna.

Baba hakugeuka. "Kwa hiyo mimi nilisikia lingine."

"Ndiyo, baba."

"Neno moja."

"Ndiyo."

Aliinama akavunja kitawi cha mnyaa, utomvu ukamchuruzika kidoleni, akaupangusa kwenye suruali. "Na ukweli ni upi?"

"Upo jua likiwaka. Mvua ikinyesha haupo."

"Sasa kwa nini hukusema hivyo?"

"Kwa sababu ulijenga chumba."

Mama Efrazia alipita upande wa pili na ndoo, akatusalimu, tukaitikia wote wawili. Alipokwisha kupita baba alisema, "Hata mimi niliona. Niliona siku za mvua kijana wa mnara anakaa tu. Nilidhani nikisema upo, utakuwepo." Kisha akageuka akanitazama, na nilitamani aendelee kuutazama ua. "Na wewe? Unataka kukaa wapi?"

Nimelingoja swali hili tangu Februari. Lilipokuja sikuwa nimejiandaa.

"Gitega," nilisema. "Mpaka nimalize shule."

"Kwa nani?"

"Kwa Mama Latifa."

"Ni Waislamu."

"Yeye ndiye hunihimiza kwenda misa nikichelewa, baba. Ananiambia Yesu haningojei nisuke nywele."

Nadhani alitaka kucheka. Alitoa simu, akampigia pale pale, sauti ya nje. Walisalimiana kirefu: watoto, mvua, mazao, Idi, Pasaka. Baba akaeleza shida yake, akauliza, "Sasa, Mama Latifa, nafasi ipo kwenu?"

"Iko, Baba Fredi," alisema bila hata kuvuta pumzi. "Iko kabisa."

Baba alikata simu. Akanitazama.

"Hiyo ni iko ipi?"

"Sijui, baba."

"Basi nenda ukaone. Kama hakuna, urudi, na tusisumbuane tena. Kama ipo, kila likizo uko hapa. Siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Chumba kile sitakiacha kitupu."

Nikakubali. Ingekuwa uongo kusema nilijisikia huru. Nilijisikia kama mbuzi aliyeongezewa kamba.

24 Aprili, Gitega

Nimefika leo. Fredi ameondoka jana. Ameniachia modemu, mwavuli na kikaratasi kisemacho nibaki na ile simu yake, na nisiwe na hasira naye. Vyumba vyetu vimeshapata mpangaji, kuna viatu vya mtu nisiyemjua mlangoni.

Nilipita mbele kwa Mama Latifa. Kwenye kitanda kidogo nyuma ya mashine alikuwa amelala Latifa na tumbo lake, gauni pana limemfunika mpaka miguuni. Mafuta yamepatikana Muyinga, amekuja kuzalia kwa mama yake. Vitambaa vilivyokuwa kitandani vimehamia sakafuni. Kati ya mashine na ukuta hapakuwa na mahali hata pa kuweka begi langu.

Nilibaki mlangoni nalo begani. Mama Latifa alikuwa anapiga pasi.

"We Vumi, umekonda. Giteranyi hamli?"

"Mama Latifa," nikasema, na sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka, "ulimwambia baba nafasi iko."

"Nilimwambia iko."

"Iko wapi?"

Aliweka pasi wima. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye nisiyejua Kiswahili. "Nilisema iko. Mi nilisema imeshatengenezwa? Weka hilo begi, shika mashine upande huo."

Nikaweka begi. Nikashika. Baba Latifa alikuja akashika katikati, akalalamika kwamba katika nyumba hii hata vyuma vinahama, tukaitoa mashine mpaka kwenye kibaraza. Latifa, bila kuinuka kitandani, alitupangia vitambaa kwa kunyoosha kidole. Vingine vikaenda darini, vingine chini ya kitanda. Tukapima mkeka. Uliingia, ila kona moja imepanda ukutani. Mvua ikipiga upande, mashine italowa. Mama Latifa amesema ikinyesha tutairudisha ndani nami nitalala nikiwa nimekunja miguu, na mtoto akizaliwa tutaona.

Vitabu nimevitundika ukutani ndani ya mfuko wa kitambaa. Kisha nikamwandikia baba ujumbe, na safari hii sikujibu kwa neno moja. Niliandika: "Nafasi ipo. Ni upana wa mkeka. Latifa amekuja kuzaa. Mvua ikinyesha nitabanwa na mashine. Nimekaa."

Hajajibu bado. Nimemsaidia Mama Latifa kushona vifungo vya sare, na kesho nitakwenda maktaba kurudisha kile kitabu kimoja.